Biashara Zinazotegemea Daraja Moja

Mzigo unaotoka Mwanza kwenda Turwa, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tarime, hauna njia nyingi za kuchagua. Unapita Bunda, unafika Makutano, unavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, kisha unapandisha kuelekea mjini. Saruji, mabati, vipuri vya bodaboda, dawa za binadamu na za mifugo, soda na mafuta ya kula, sehemu kubwa inavukia hapo. Siku Kirumi itakapofungwa, iwe kwa mafuriko, ajali ya lori la mafuta au matengenezo, mfanyabiashara atabaki na njia mbili. Moja ni kivuko cha Musoma na Kinesi, kisha kuzunguka kupitia Rorya. Nyingine ni kuzungukia Nata na Mugumu, kuvuka Mto Mara kwenye daraja linalounganisha wilaya za Serengeti na Tarime, na kuingilia upande wa Nyamongo na Nyamwaga. Njia zote mbili zipo. Cha kujiuliza ni wangapi wamekaa na madereva wao wakapiga hesabu ya mafuta, saa na tani kwa njia hizo kabla ya kulazimika kuzitumia.

Katika benki, kampuni za simu na migodi mikubwa, hesabu hiyo ina jina: mpango wa uendelevu wa biashara. Unaambatana na mwingine, mpango wa kurejesha mifumo baada ya maafa. Wa kwanza unaeleza shughuli zitaendeleaje wakati mambo yameharibika. Wa pili unaeleza vilivyoharibika vitarudishwaje. Maofisini mipango hii hukaa kwenye majalada mazito, na kwa sababu hiyo wenye maduka huiona ni mambo ya wakubwa. Ukweli ni kwamba duka la pembejeo la Turwa linaihitaji kuliko benki. Benki ina matawi mengine, mtaji na bima. Duka lina mlango mmoja.

Kiini cha mipango yote hii ni maswali mawili. Unaweza kukaa muda gani bila huduma kabla hujaanza kuumia kweli? Na ukipoteza kumbukumbu, unaweza kustahimili kupoteza za muda gani: za saa moja, za jana, au za mwezi mzima? Majibu hayafanani. Duka la dawa lenye insulini kwenye friji linahesabu saa tangu umeme ukatike. Duka la vifaa vya ujenzi linaweza kufunga siku tatu, na wateja wakarudi. Wakala wa fedha za simu hupoteza mteja ndani ya dakika tano, kwa sababu wakala mwingine yuko hatua chache mbele. Asiyejua majibu yake hununua kinga isiyo yake: jenereta kubwa mahali ambapo betri na paneli moja ya sola zingetosha, au bima ya moto wakati adui yake halisi ni mafuriko.

Mfano mzito zaidi katika ukanda huu ulitokea Serengeti mwaka 2020. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Machi 16. Aprili 12 ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa, na ingawa anga lilifunguliwa tena Mei 18, wageni hawakurudi kwa kasi hiyo. Watalii kutoka nje waliokuwa 1,527,230 mwaka 2019 walishuka hadi 620,867 mwaka 2020. Mapato ya utalii yaliyokuwa takribani dola bilioni 2.6 yakaporomoka hadi karibu dola milioni 700. Kwa mtu wa Dodoma hizo ni takwimu za wizara. Kwa Mugumu na vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, zilikuwa mshahara wa mpishi, oda ya mayai, kazi ya dereva, nyumba ya kupanga iliyobaki tupu. Vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambavyo hupata fedha za madarasa na zahanati kutokana na wawekezaji wa utalii, navyo vilibaki vikitazama chemchemi hiyohiyo ikikauka.

Janga la namna hii halizuiwi na jenereta. Hakuna kilichoungua wala kilichobomoka, barabara zilipitika na vitanda vilitandikwa. Aliyekosekana ni mteja, na alikosekana kwa miezi. Hapo mpango wa uendelevu hupimwa kwa jambo moja: je, kulikuwa na mteja wa pili? Mkulima aliyelima mboga za saladi kwa oda ya kambi za wageni peke yake alibaki na bustani isiyo na soko, kwa sababu majiko ya Mugumu hayana matumizi makubwa nazo. Aliyechanganya na kabichi, nyanya na vitunguu aliumia, lakini aliuza. Uamuzi wa kuchanganya mazao hufanywa wakati wa kupanda, miezi kabla ya balaa kujulikana. Ndiyo maana kupanga mapema kuna thamani kubwa kuliko ujasiri wa kuhangaika baadaye.

Utalii ulipona: watalii walifika 1,454,920 mwaka 2022, wakapita milioni mbili mwaka 2024. Kupona huko kuna hatari yake. Miaka mizuri hufuta kumbukumbu, na oda za hoteli zinapojaa tena, mteja wa pili huwa wa kwanza kuachwa.

Upande wa Tarime, mteja mkubwa ni mgodi. North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002 na kuigeuza Nyamongo kuwa mji: nyumba za wageni, gereji, migahawa, maduka ya vifaa vya usalama kazini, mawakala. Halmashauri nayo hutegemea ushuru wa huduma pamoja na fedha za mgodi kwa ajili ya miradi ya jamii. Historia ya mgodi huo ina funzo ambalo halijasemwa vya kutosha. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi. Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya Acacia, kampuni iliyomiliki pia North Mara, ilipata pigo, na Septemba mwaka huo kampuni ikatangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu. North Mara uliendelea kuuza, kwa kuwa dhahabu yake huondoka mgodini ikiwa mikuo na si makinikia. Wafanyabiashara wa Nyamongo walinusurika kwa sababu ya aina ya bidhaa inayotoka kwenye mtambo, jambo ambalo hawakulipanga na ambalo wengi wao hawakuwa na haja ya kulijua.

Miaka miwili baadaye bahati hiyo haikutosha. Julai 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliuamuru mgodi kuacha kutumia bwawa lake la tope sumu kutokana na uchafuzi. Mtambo wa kuchenjua dhahabu bila mahali pa kupeleka tope hauna pa kwenda. Katazo liliondolewa Septemba, kampuni ya Barrick ilipokuwa imekamilisha kuichukua Acacia, na baadaye ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Kwa kampuni yenye migodi katika mabara kadhaa, wiki zile zilikuwa suala la taarifa kwa wanahisa. Kwa mama lishe wa vijiji vya Nyangoto au Kewanja, mjadala kati ya mdhibiti na mwekezaji ulikuwa ukiamua kama sufuria ya mchana itajaa, naye hakuwa na sauti ndani yake. Haki ya NEMC kuchukua hatua haina ubishi. Watu wa Mto Tigithe wanakumbuka maji ya mgodi yalivyovuja Mei 2009. Udhaifu uko kwingine: hatua halali ya serikali huja bila mpango wowote kwa wale wasiokosa ambao riziki yao imefungwa kwenye lango hilohilo.

Na mgodi una mwisho wake. Golden Pride wa Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa enzi hii, ulifungwa baada ya takribani miaka 15. Buzwagi wa Kahama ulianza 2009, na uzalishaji ukakoma 2021. Eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa uchumi. Kufunga mgodi ndilo janga pekee ambalo tarehe yake hukadiriwa miaka mingi kabla, na sheria ya madini inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa kufunga. Mipango hiyo husema mengi juu ya mashimo, miamba na maji. Nyamongo ingefaa ianze kuandika wake, wa maduka na gereji, wakati dhahabu bado inatoka.

Sirari, mji wa mpakani na Kenya, ni hadithi nyingine ya mlango mmoja. Mei 16, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alifunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa abiria, akaruhusu malori ya mizigo ambayo madereva wake wamepimwa. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa kuwa masharti ya vyeti. Mara zote mbili barua iliandikwa Nairobi, na aliyekwama alikuwa mtu wa Sirari na wa Isebania, upande wa Kenya. Tukio la mahindi linafundisha zaidi kuliko lile la korona, kwa kuwa kinga yake ilikuwa mikononi mwa wenye mahindi wenyewe: kukausha vizuri, kupima sumukuvu, kuwa na cheti. Aliyekuwa na karatasi hizo alikuwa na sababu ya kurudi mpakani mapema.

Umeme unastahili kutazamwa kutoka Unguja, kwa sababu hakuna sehemu ya Tanzania iliyolipa ada kubwa zaidi kulijua somo hili. Kisiwa hicho kilikuwa kikipata umeme kwa waya mmoja wa chini ya bahari, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 21, 2008 umeme ukakatika, na kisiwa kikakaa gizani hadi Juni 18. Matengenezo yakafanyika, maisha yakarudi. Desemba 10, 2009 ukakatika tena, na safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu, katikati ya msimu wa wageni. Pampu za maji zilisimama, watu wakapanga foleni na madumu. Hoteli zenye jenereta ziliendelea kupokea wageni kwa gharama ya dizeli iliyotafuna faida. Mafundi wa kuchomelea, vinyozi, wenye mashine za kusaga na wauza barafu walikaa. Waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na msaada wa Marekani, ulianza kazi mwaka 2013.

Kilichouma Unguja ni ile nafasi ya mwaka mmoja na nusu kati ya giza la kwanza na la pili. Giza la kwanza lilikuwa onyo kamili, lenye tarehe na hasara. Waliolichukulia kuwa bahati mbaya iliyopita walikutwa tena vilevile. Tanzania Bara ilipata onyo lake Aprili 1, 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ilipoizima Gridi ya Taifa usiku. Huduma ilirejeshwa kwa awamu siku hiyohiyo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme kwa wingi, lakini wingi wa umeme hautibu kukatika kwa njia inayouleta Tarime.

Wiki chache baada ya Gridi kuzimika ikawa zamu ya intaneti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na kuanza kurudi Novemba 3. Sababu za matukio hayo mawili ni tofauti kabisa, lakini mwenye duka anayepokea malipo kwa programu ya simu aliyaona kwa sura moja: fedha zake zipo na hazifikiki. Menyu za kupiga, kama ile ya *150*00#, hazihitaji bando la intaneti, kwa hiyo nyaya za baharini zikikatika zinaweza kubaki hai. Zuio linaposhuka kwenye mtandao wenyewe wa simu, nazo hazina uhakika. Kinga ya kweli hapo ni ya zamani: fedha taslimu za mauzo ya siku mbili au tatu, floti iliyogawanywa kwenye mitandao miwili ya simu, na msambazaji anayekuamini kiasi cha kukupa mzigo kwa neno. Uaminifu huo hujengwa kwa kulipa madeni kwa wakati siku za amani. Ni sehemu ya mpango sawa na jenereta.

Kumbukumbu ndizo zinazopotea kimyakimya. Biashara nyingi za Tarime zina daftari la madeni, na daftari hilo ndiyo mali yenyewe, kwa kuwa bidhaa zimekwishatoka. Likiungua, wadaiwa waaminifu watakuja, wengine watasubiri waulizwe. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano; aliyezipoteza huingia kwenye makadirio ya TRA akiwa mikono mitupu. Wakurya walijua zamani kutoweka ng'ombe wote kwenye zizi moja: wengine walikabidhiwa jamaa wa mbali, ili wizi au maradhi yakipiga boma moja, mbegu ibaki kwingine. Bakapu ya kompyuta iliyo ndani ya droo ya meza ileile ni ng'ombe wa zizi lilelile. Picha ya kila ukurasa wa daftari, iliyopigwa kwa simu kila jioni na kutumwa kwa ndugu aliye Musoma, inatimiza kazi ambayo kampuni kubwa hulipia mamilioni.

Kampuni kubwa nazo husahau. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kilifuta mifumo ya Maersk, moja ya kampuni kubwa kabisa za meli duniani, na kuigharimu hadi dola milioni 300. Seva zilizokuwa na orodha ya watumiaji wote wa mtandao wake zilifutika kila mahali isipokuwa Ghana, ambako ofisi moja ilikuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nakala hiyo moja ndiyo iliyosaidia kuijenga upya kampuni. Septemba 26, 2025 moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukasimamisha mamia ya mifumo na kuteketeza hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje ya jengo. Nchi yenye moja ya kampuni kubwa kabisa za simu duniani ilipoteza kumbukumbu zake kwa kosa ambalo lingewezekana katika duka lolote la vifaa vya ofisi Tarime.

Kuna janga ambalo kamati za maafa hazilitaji, ingawa nalo huua biashara ndogo kama moto na mafuriko: kifo cha mwenye biashara. Namba za siri za simu anazo yeye, bei za msambazaji anazijua yeye, deni la shilingi milioni mbili amelikopesha kwa mdomo. Akifariki, familia hulazimika kuitisha kikao cha ukoo, kupendekeza msimamizi, kwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi na kusubiri muda wa matangazo. Kihalali, akaunti ya benki haiguswi hadi hapo. Kwa familia yenye nyumba zaidi ya moja, kikao cha kwanza kinaweza kuisha kwa ugomvi. Wakati huo dawa za mifugo dukani zinapitwa na muda na mwenye fremu anadai kodi. Kusajili biashara kwa jina la biashara yenyewe, kumwongeza mtu wa pili kwenye akaunti, kuandika wosia na kumfundisha msaidizi kuagiza mzigo ni hatua ambazo watu huziahirisha wakihofia kuambiwa wanaleta uchuro. Hofu hiyo inafilisi watoto.

Bima ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko mawakala wa bima wanavyoieleza. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, wengi walipoteza mitaji wakiwa hawana bima yoyote. Hata aliye nayo hulipwa baada ya ukaguzi, na katika wiki hizo mteja amekwishapata duka jingine. Bima hurudisha mtaji. Mteja hurudishwa na uwezo wa kufungua mahali pengine keshokutwa. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliungua sehemu ya kupokelea wageni wa kimataifa Agosti 7, 2013, na ndege zikaanza kutua tena ndani ya muda mfupi, abiria wakipokelewa kwenye majengo mengine na mahema. Soko la wilaya linaweza kujua leo hema litasimikwa wapi.

Hapo ndipo serikali za mitaa zinapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Desturi ya kamati hizo, kwa sababu zinazoeleweka, ni uokoaji, chakula, mablanketi na makazi. Maporomoko ya Hanang ya Desemba 3, 2023 yalionyesha hivyo: watu 89 walifariki, tope likapita katikati ya mji wa Katesh, na Serikali ikajenga nyumba mpya za waathirika huko Waret. Nyumba ni stahili. Lakini mji wa wilaya huishi kwa maduka, mashine za kusaga na magari ya mizigo, na familia iliyopewa nyumba bila kurudishiwa kazi itaiuza au kuipangisha.

Mpango wa halmashauri unaohusu biashara hauhitaji kurasa nyingi. Uonyeshe njia mbadala Kirumi ikifungwa na ukubwa wa malori yanayoruhusiwa. Uonyeshe kiwanja cha soko la muda kwa Tarime, Nyamongo, Sirari na Mugumu, pamoja na maji na vyoo. Utaje vituo vya mafuta, maduka ya dawa na mawakala watakaopewa kipaumbele cha umeme wa dharura. Useme ushuru utasitishwa kwa muda gani kwa aliyeunguliwa. Kisha ujaribiwe, angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu mpango usiojaribiwa hujulikana ubovu wake siku ya tukio. Mwaka wa fedha huanza Julai na makisio hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Wafanyabiashara wa Turwa na wenzao wa wilaya za Tarime na Serengeti waombe nafasi kwenye kamati za maafa sasa, waingie na orodha hiyo mkononi, na wadai ijibiwe kabla madiwani hawajapitisha bajeti.